Bonsai ya Faikasi: Mti Mdogo, Kazi ya Miaka

Vikundi vya vijana na vya akina mama hutuuliza mara kwa mara: mtu asiye na shamba, anayeishi kwenye chumba cha kupanga, anaweza kupanda nini cha kumletea pesa? Jibu moja ni miti ya bonsai. Lakini tuseme ukweli mapema. Kazi hii haihitaji ardhi kubwa wala mtaji mkubwa, inahitaji miaka. Anayeingia akitaka faida ya haraka haraka atavunjika moyo, na pengine atabaki na deni.

BONSAI NI NINI?

Neno hili ni la Kijapani, na maana yake ni kilichopandwa katika chombo kifupi. Wajapani waliipata kazi hii kutoka China, zamani sana. Bonsai si aina ya mti. Ni mti wa kawaida unaofunzwa kubaki mdogo, huku umbo lake likiwa la mti mzee. Wengine hufikiri unadumazwa kwa kunyimwa maji na mbolea. Sivyo. Mti wenye njaa hufa tu. Bonsai hulishwa vizuri, kisha hukatwa matawi na mizizi kwa wakati wake.

KWA NINI FAIKASI?

Kwa wanaoanza tunashauri mti ambao wauza miche huuita faikasi au benjamina. Jina lake la kitaalamu ni Ficus benjamina. Majani yake ni madogo, yanang'aa na yana ncha, nayo matawi huinama. Asili yake ni Asia na kaskazini mwa Australia, lakini ni ndugu wa mkuyu na mugumo wetu. Huko kwao unaweza kufika mita 30. Ukiupanda ardhini karibu na nyumba, mizizi yake huweza kupasua mabomba na kuta. Ndani ya chombo, huvumilia sana mikono ya mwanafunzi.

HATUA ZA KAZI

1. Mche. Kata kipande cha tawi cha sentimita 10 hadi 15, ondoa majani ya chini, na uoshe utomvu mweupe mpaka uache kutoka. Kichomeke kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini, ukifunike kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako. Mizizi hutoka baada ya wiki 4 hadi 8 hivi.

2. Shina. Hapa ndipo wengi hukosa subira. Mche mwembamba ukiwekwa mapema kwenye chombo kifupi hubaki mwembamba. Uache kwanza ukue kwenye debe lenye matundu kwa miaka 2 au 3. Ukitaka kupunguza muda, nunua kwenye kitalu mche ambao tayari una shina nene.

3. Udongo. Changanya mchanga wa mto wenye chembe kubwa, matofali yaliyopondwa, na mboji iliyoiva. Maji yapite upesi. Udongo wa mfinyanzi huozesha mizizi.

4. Kukata. Tawi likishatoa majani 6 hadi 8, lipunguze libaki na 2 au 3. Angalia sana hapa: tawi la benjamina likinyolewa bila kubakishwa hata jani moja, mara nyingi hukauka.

5. Kupinda. Zungusha waya laini wa alumini au shaba kwenye tawi, kwa mshazari, kisha pinda pole pole. Kagua kila wiki. Ukiona waya unaanza kuzama kwenye gome, ukate vipande vipande. Usijaribu kuuzungusha ili utoke. Na waya ununuliwe kwa njia ya halali. Shaba iliyoibwa kwenye nyaya za umeme huacha kijiji kizima gizani.

6. Mizizi. Kila baada ya miaka 2 hivi, mvua za masika zinapoanza, toa mti kwenye chombo, punguza mizizi kama theluthi moja, na ubadilishe udongo. Kwenye nyanda za juu usifanye hivyo Juni na Julai, wakati wa baridi.

MAJANI YAKIPUKUTIKA

Faikasi haipendi kuhamishwa-hamishwa. Ukiitoa nje na kuiingiza ndani, huweza kumwaga majani mengi kwa siku chache, na mwenyewe akadhani imekufa, akaitupa. Ngoja kwanza. Kwaruza gome kidogo kwa ukucha. Kama chini yake ni kijani, mti u hai. Uweke pahali pamoja penye mwanga na upunguze maji, kwani bila majani hauyanywi sana. Siku zote tia kidole kwenye udongo kabla ya kumwagilia.

Utomvu wake huweza kuwasha ngozi na macho. Tunawe mikono baada ya kukata, na majani tusiwaachie watoto wala mifugo.

HESABU YA PESA

Mnunuzi wa bonsai halipii udongo na chombo, analipia miaka. Kwa hivyo kikundi kisichukue mkopo unaoanza kulipwa mwezi ujao kwa mti utakaouzwa baada ya miaka 3. Pesa ya kila mwezi itoke kwingine, kama sukuma wiki ya kwenye magunia, au miche ya kawaida ya faikasi.

Wekeni daftari: mti gani ulipandwa lini, na nani anamwagilia siku gani. Chombo kifupi hukauka upesi. Mti ukisahaulika siku chache za jua la Januari, kazi ya miaka imekwisha. Tena kubalianeni mapema, kwa maandishi, mwanachama akihama atapewa nini. Vikundi vingi havivunjwi na ukame. Vinavunjwa na jambo hili.

Katika Injili ya Luka 13:6-9, mwenye shamba alikosa matunda kwenye mtini wake kwa miaka 3, akataka ukatwe. Mtunzaji aliomba mwaka mmoja zaidi, na akaahidi kuupalilia na kuutia mbolea. Hakuomba kukaa na kungoja tu. Aliomba muda wa kufanya kazi. Nasi tunashauri hivyo hivyo. Anzeni na miche 10, si 100, muitunze mwaka mzima, kisha mkae pamoja muamue kama mtaendelea.