Kiwavi Mwenye Jina la Mpunga

Kusini mwa jimbo la Maniema, Kongo, kuanzia Kasongo hadi Kabambare, shamba jipya lililofyekwa msituni mara nyingi hubeba mpunga, mahindi na muhogo kwa pamoja. Mpunga huko ni zao lenye historia. Waungwana, wafuasi wa mfanyabiashara Tippu Tip aliyekuwa na makao yake Kasongo, waliueneza karne ya 19, na hadi leo ukitaja Maniema umetaja mchele. Kwa wakulima wa mashamba ya namna hiyo, habari za damu ya mdudu mmoja mgeni ni habari za chungu chao.

Mdudu huyo ni kiwavijeshi vamizi, Spodoptera frugiperda. Aligunduliwa Nigeria mwanzoni mwa 2016. Kufikia 2018 alikuwa ameenea karibu kote kusini mwa Sahara, Kongo ikiwemo. Nondo jike hutaga mayai zaidi ya elfu moja, na kwa msaada wa upepo huruka hata kilometa mia kwa usiku mmoja. Wakazi wa Maniema wana viwavi wa msituni wanaowala kwa furaha. Huyu si wa kufurahiwa: hujichimbia kwenye moyo wa mhindi, akiacha majani yametobokatoboka na kinyesi kama vumbi la mbao. Kichwani ana alama ya Y iliyopinduliwa. Karibu na mkia, madoa manne yaliyokaa mraba.

Kwao, katika bara la Amerika, wana koo mbili. Ukoo mmoja hupenda mahindi, mtama na pamba. Mwingine mpunga na nyasi. Kwa macho huwezi kuwatenganisha. Lakini saa zao za kujamiiana zimeachana: wa mahindi usiku ukiwa mchanga, wa mpunga usiku ukiwa umekomaa. Kinachowatambulisha kwa uhakika ni jeni.

Robert Nagoshi, mtafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, pamoja na wenzake walichunguza viwavi kutoka mashamba ya mahindi ya Togo na kutoa matokeo mwaka 2017. Jeni za mitokondria, ambazo mtoto hurithi kwa mama tu, ziliwataja wengi kuwa wa ukoo wa mpunga. Jeni nyingine, iliyo kwenye kromosomu ya jinsia, ilisema karibu wote ni wa mahindi. Yaani bibi alitoka kwenye mpunga, mjukuu anakula mahindi! Wavamizi hao walifanana sana na wadudu wa mashariki mwa Marekani na visiwa vya Karibi, na ilionekana walikuwa wamechanganyika damu. Huenda ndiyo sababu Afrika imelia zaidi kwa mahindi, na mpunga ukanusurika kwa sehemu kubwa.

Mwanzoni ilidhaniwa kundi dogo liliingia mara moja. Uchunguzi wa jenomu nzima uliofuata ulikuta anuwai kubwa kuliko ilivyotarajiwa, na dalili za kuingia zaidi ya mara moja. Mlango uliopitiwa mara kadhaa unaweza kupitiwa tena, safari hii na ukoo halisi wa mpunga. Tena wingi wa jeni humpa mdudu akiba ya kuzoea sumu, wakati mkulima wa Kabambare akiba yake ni majivu na mchanga anavyovitia kwenye moyo wa mhindi.

Kwa hiyo kiwavi mwenye Y kichwani akikutwa juu ya mpunga, asipondwe tu. Atiwe kwenye kichupa cha pombe kali, iandikwe tarehe, kijiji na zao alilokutwa nalo, kisha afikishwe kwa mtaalamu wa kilimo.