Kujenga nyumba bila kula mbegu



Tangu mwezi wa sita moshi wa matanuri ya matofali unaonekana pande zote za Kasomeno, ku barabara ya Kasenga na ku barabara ya Pweto. Mahindi imeshavunwa, jua iko kali, mvua iko mbali, na kila mutu anaangalia nyumba yake: ukuta umepasuka, nyasi ya juu imeoza, watoto wamekuwa wengi. Mu mikutano karibu yote watu wanatuuliza: tuanzie wapi, ku matofali ao ku mabati? Sisi tunajibu: tuanzie ku magunia.

Tunasema vile kwa sababu tumeona mambo moja inarudia katika kooperative nyingi. Mutu anauza mahindi yote mu mwezi wa tano, wakati bei iko chini kabisa kwa sababu kila mutu anauza. Anaanza ukuta. Mu mwezi wa tisa falanga inaisha, ukuta umefika ku madirisha. Mwezi wa kumi na moja mvua inanyesha juu ya ukuta wazi, na mwenye nyumba hana mbegu wala mbolea. Mwezi wa pili anakopa unga, atalipa na mahindi ile haijavunwa bado. Nyumba imekula mavuno mbili: ile ya mwaka uliopita na ile inakuja.

Hesabu ya kwanza haiombi fundi. Mama wa nyumba anajua vizuri ni meka ngapi ya mahindi inatoka mu gunia kila wiki kwa ajili ya bukari. Tuseme ni meka 8. Kutoka mwanzo wa mwezi wa tano mpaka mwisho wa mwezi wa tatu ni karibu wiki 48, maana yake meka 384. Pima gunia yako inaingia meka ngapi, gawanya, weka ile magunia pembeni, usiihesabu tena. Kisha toa mbegu na mbolea, toa pesa ya masomo ya mwezi wa tisa, toa kidogo ya ugonjwa. Kile kinabakia njo pesa ya nyumba. Mara nyingi ni kidogo kuliko vile baba alifikiri, na mazungumzo inaweza kuwa moto mu nyumba siku ile. Afazali iwe moto mwezi wa tano kuliko mwezi wa pili.

Kama pesa ni kidogo, usijenge nyumba ndogo mbaya. Gawanya kazi kwa miaka miwili ao mitatu, lakini kwa namna kila sehemu inaweza kukaa mu mvua bila kuharibika. Mwaka wa kwanza: mawe, muchanga, msingi, na matofali kuchomwa na kupangwa chini ya nyasi. Mwaka wa pili: ukuta na paa pamoja, mu kiangazi kimoja. Ukuta bila paa usiuache kuona mwezi wa kumi na moja. Na nyumba ya zamani usiivunje mpaka ile mupya ikuwe na mlango. Tumeona jamaa zimelala mu jiko mvua yote kwa sababu ya haraka hii.

Maji njo adui

Nyumba za udongo za kwetu haziangushwi na uzito. Zinaangushwa na maji yenye kutoka pande mbili: chini, udongo unanyonya maji kama utambi wa taa, na pembeni, mvua inaruka kutoka chini na kupiga ukuta, inakula mguu wa nyumba kidogo kidogo mpaka inabakia nyembamba. Kwa hiyo ukiwa na falanga kidogo tu ya kutengeneza nyumba ile uko nayo, iweke pale. Chimba mufereji wa kupeleka maji mbali. Pandisha msingi wa mawe sentimeta 30 ao 40 juu ya udongo. Mbele ya kuanza ukuta, tandika plastiki nguvu juu ya msingi wote, bila kuacha nafasi. Na paa itoke nje ya ukuta sentimeta 60. Wengine wanakata paa fupi ili kuponesha mabati mbili tatu, ukuta utalipa.

Mchwa nao wanapita mu unyevu ule ule. Usipande maua wala kupanga kuni kando ya ukuta, ili uone njia yao ya udongo wakati inapanda, na uivunje.

Matofali, na miti ya vinkubala

Udongo wa kichuguu njo unatoa tofali nzuri, kwa sababu mchwa wameshachagua udongo wenye kushikana na kuupandisha juu. Tuko na bahati ya vichuguu vikubwa, vingine vinapita urefu wa nyumba. Lakini udongo mutupu wa kichuguu unapasuka ukikauka; changanya na muchanga, fanya matofali kumi ya kujaribu, ngoja wiki moja mu kivuli, uone. Tofali lililochomwa vizuri, ukiligonganisha na lingine linalia kama chuma. Liweke mu maji usiku mzima: kama asubuhi kona zake zinaanguka, tanuri halikukuwa na moto ya kutosha.

Hesabu ya matofali isitoke mu kichwa cha fundi peke yake. Chukua nyumba ya mita 6 kwa mita 8. Kuizunguka ni mita 28, kuta za ndani tuseme mita 12, jumla mita 40. Urefu wa ukuta mita 2.6: ni mita mraba 104. Toa milango na madirisha, inabakia karibu 94. Kama tofali lako ni sentimeta 25 kwa urefu na 10 kwa kimo, na udongo wa kuunga ni sentimeta moja na nusu, mita mraba moja inakula matofali 33. Ni 3,102, na ukiongeza kumi kwa kila mia kwa yale yatavunjika, unafika karibu 3,400. Tofali lako likiwa la kipimo kingine, hesabu inabadilika. Pima lako, usichukue namba ya jirani.

Matofali 3,400 ya kuchoma ni miti mingi. Ni muputu na mutondo, miti ile ile ambayo vinkubala vinakula majani yake, na chini yake tunaokota uyoga. Mukula tuliona namna ilipita hapa mu malori mu miaka ya 2010, na leo mutu anatembea mbali kutafuta mukula moja. Hatusemi musichome. Tunasema: si lazima kuchoma yote. Maji inapiga ukuta chini na ku kona. Weka matofali ya kuchoma kutoka msingi mpaka chini ya madirisha, ku kona zote na pembeni ya milango. Juu, ambapo paa inafunika, na kuta za ndani, weka matofali mabichi ya kipimo kile kile, kisha paka udongo na muchanga. Mu nyumba yetu ya mfano, karibu matofali 1,200 ya kuchoma inatosha. Ni karibu theluthi moja ya kuni, na theluthi moja ya siku za kukata.

Kuko pia mashine ya mkono ya kukandamiza udongo, aina ile ilibuniwa Kolombia mu miaka ya 1950. Unachanganya udongo wenye muchanga na simenti, kati ya 5 na 10 kwa mia, unakandamiza, hakuna moto. Inafaa kwa kooperative kununua moja pamoja na wanachama wapokezane. Lakini tuseme ukweli: watu wengi wanaharibu matofali hii kwa kuyaanika ku jua siku ile ile. Simenti inataka maji. Funika na plastiki ao nyasi mbichi, nyunyizia maji asubuhi na mangaribi kwa wiki moja, na ngoja mpaka wiki ya nne mbele ya kujenga.

Mabati na likelemba

Kwa nyumba ile ile, paa ya pande mbili, yenye kupanda sentimeta 80 kwa kila mita 3, inaomba mabati mawili ya mita 2 kutoka juu mpaka chini, moja ikilalia ingine sentimeta 20. Kwa upana, bati moja inafunika kweli sentimeta 75 hivi ukitoa pale zinalaliana. Urefu wa paa ni mita 9.2, kwa hiyo mistari 13 kila upande. Jumla mabati 52. Ku duka uliza namba ya BG, na ukumbuke inaenda kinyume: BG 32 ni nyembamba kuliko BG 28. Muuzaji atakuambia 32 njo kubwa. Ni kubwa kwa namba tu.

Mabati 52 kwa mara moja inatisha mukulima. Hapa likelemba inasaidia, lakini si likelemba ya falanga. Vikundi vyenye kufanikiwa vinanunua vitu. Watu 10, kila mutu analeta bei ya mabati 5 kila mwezi, mabati 50 inaenda kwa mutu mmoja, mbili anajiongezea. Falanga mu mukono inaliwa na kilio na hospitali na mgeni. Bati halikopwi kwa urahisi. Mambo mawili inavunja vikundi hivi. Ya kwanza ni mupango wa zamu: mwenye ukuta tayari apewe kati ya mwezi wa saba na wa kumi, mwenye hana hata msingi angojee, na hiyo iandikwe mbele ya kuanza, si katikati. Ya pili ni kuweka mabati vibaya: yakilala chini na maji kati yake, yanatoka doa nyeupe na kuoza hata mbele ya kupanda juu. Yasimamishe mu nyumba, pakavu.

Misumari ipigwe juu ya mugongo wa bati, si mu bonde ambapo maji inapita, na kila moja na mpira wake. Miti ya paa ifungwe na waya ulioingia mu ukuta mistari mitano ao sita chini ya mwisho wake. Upepo wa kwanza wa mvua hautafuti nyumba mbaya, unatafuta paa ile haikufungwa.

Lupango kando ya barabara

Kasomeno ni njia panda, na mupango wa barabara ya malipo ya kuelekea Kasenga na daraja la Luapula mpaka Mwenda, Zambia, umefanya kila mutu atake nyumba kando ya barabara. Tunaelewa, biashara iko pale. Lakini sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni wa Serikali, na wengi wetu tunakaa kwa ruhusa ya shefu bila karatasi yoyote. Nyumba ya nyasi inahama. Nyumba ya matofali 3,400 haihami. Mbele ya kuchimba msingi, mwite shefu na majirani wa pande zote, tembeeni mipaka pamoja, pandeni miti ku kona, andikeni karatasi yenye vipimo, tarehe, majina na sahihi, na jina la mama liandikwe pamoja na la baba. Hii ya mwisho tunaisukuma kila mara, kwa sababu tumeona wajane wakifukuzwa na shemeji mu nyumba ile walibeba maji ya matofali yake. Uliza pia ku ofisi ya teritware mpaka wa barabara unafika wapi, na ujenge nyuma yake kwa nafasi nzuri.

Ile wanasahau

Chumba kimoja kiwe ghala. Kiwe upande wa kivuli, sakafu nguvu, na magunia yakae juu ya miti, mbali na ukuta kwa upana wa mukono, ili panya na unyevu vionekane. Mwenye kuwa na ghala nzuri anaweza kungoja bei ya mwezi wa kwanza, na ile tofauti ya bei inaweza kulipa milango. Madirisha yawe mawili kwa kila chumba cha kulala kama inawezekana, yapambane, na waya wa mbu. Jiko libakie nje.

Na mbele ya kumaliza paa, weka mufereji wa bati pembeni. Mvua ya milimeta 1 juu ya mita mraba moja ni litre moja ya maji. Paa yetu ya mfano inafunika karibu mita mraba 66, kwa hiyo mvua moja ya milimeta 10 inaleta litre 660; hata ukipoteza kidogo, utajaza pipa mbili za litre 200 na ndoo za nyumba yote. Maji ya kwanza kabisa mwaga, imesafisha vumbi ya kiangazi. Pipa ifunikwe, mbu wasizaliwe, na ikae juu ya mawe, mbali kidogo na ukuta, ili ile inayomwagika isirudi ku msingi.