Tuuache Upenu wa Kutosha



Katika matembezi yetu Navakholo tuliketi na mama mmoja mjane. Kikundi chake kilimchangia mabati, nyumba ikasimama, sote tukashangilia. Mvua za Machi hadi Mei zilipopita, ukuta wa nyuma ulikuwa umelika chini. Akatuambia, "Mimi kila mwaka nakanda udongo tu." Kosa halikuwa la udongo. Paa lilikuwa fupi.

Upenu ni nini?
Ni ile sehemu ya paa inayopita nje ya ukuta. Wazee wetu waliijua kazi yake: nyasi za nyumba zao zilishuka mbali na ukuta. Tulipoanza kuezeka mabati, wengi tukapima upenu kwa bei ya bati. Lakini Kakamega hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, tena ile ya alasiri huja na upepo na kupiga ukuta kwa ubavu.

Tupime namna gani?
Kwa ukuta wa udongo tunashauri sentimita 60, yaani futi 2, pande zote nne. Tusizisahau zile mbili zenye pembetatu.

Tupige hesabu kabla ya kwenda dukani. Nyumba ina upana wa mita 4, na kilele kiko mita 1 na sentimita 15 juu ya ukuta. Kutoka kilele kushuka hadi ukutani ni kama mita 2.3. Bati ya mita 2.5 itaacha sentimita 20 tu. Bati ya mita 3 itaacha 70. Ukipima kutoka ukutani kwenda nje, ni kama 60. Hapo sawa!

Na kama pesa zinatosha bati ya mita 2.5 pekee? Basi heri kupunguza upana wa nyumba hadi mita 3, mteremko ukiwa ule ule. Nyumba ndogo iliyo kavu ni bora kuliko kubwa inayobomoka.

Tuangalie pia haya
- Upenu mrefu mno hushikwa na upepo kutoka chini. Ukitaka kuupitisha sana futi 2, weka nguzo za veranda.
- Kila rafta ifungwe kwa waya kwenye nguzo za ukuta. Msumari peke yake hautoshi.
- Matone yanapoangukia, panga mawe, maji yasirushe matope ukutani. Msingi uinuke angalau futi 1.

Ya kujadili kikundini
1. Ni nyumba ngapi kwetu kuta zake zimelika chini? Upenu wake ni sentimita ngapi?
2. Tukimchangia mwenzetu mabati, nani atapima kabla ya kununua?

Mabati hununuliwa mara moja. Udongo wa kukanda kila mwaka hubaki juu ya mabega ya mama.