Presha Wakati Waya Unaingia Ubongoni

Mgonjwa yuko macho. Kichwa kimebanwa kwenye fremu ya chuma, ngozi imetiwa ganzi, fuvu limetobolewa tundu dogo. Anaambiwa akunje ngumi, aikunjue, ahesabu. Umeme ukipita kwenye waya ulioingizwa ubongoni, mkono uliotetemeka kwa miaka unatulia. Njia hii ilishika kasi baada ya kazi ya Alim-Louis Benabid na wenzake kule Grenoble, Ufaransa, mwaka 1987, na imewawezesha wagonjwa wengi wa Parkinson kunywa chai tena bila kuimwaga.

Hata hivyo, usalama wa mgonjwa huyo unamtegemea sana daktari wa usingizi, ambaye sifa zake hazitajwi inavyostahili. Macho yake yako kwenye presha, inayosomwa kila moyo unapopiga kupitia mrija mwembamba uliopenyezwa kwenye ateri ya mkono. Waya unaweza kuchubua mshipa mdogo ndani ya ubongo, na presha ikiwa juu, damu huvuja kwa nguvu. Kwa hiyo timu nyingi hujitahidi namba ya juu isipite 140.

Kusema ni rahisi. Dawa za Parkinson husimamishwa tangu usiku ili mtetemeko uonekane, basi mgonjwa anafika amekakamaa, ana maumivu na hofu, na vyote hivyo hupandisha presha. Akitulizwa mno kwa dawa, hawezi kujibu maswali. Presha ikishushwa kwa pupa inaporomoka, maana Parkinson hudhoofisha pia neva zinazoirekebisha. Wagonjwa wengi wa Parkinson hushikwa na kizunguzungu wakisimama tu. Tena, kichwa kikiwa kimeinuliwa, hewa inaweza kufyonzwa kwenye vena za fuvu. Mgonjwa anakohoa ghafla, kisha presha inashuka. Kikohozi hicho hakipuuzwi hata kidogo.

Linalonisisimua zaidi ni kwamba umeme wenyewe unaweza kugeuza presha. Mwaka 2005 Alexander Green, Tipu Aziz na wenzao wa Oxford waliripoti juu ya wagonjwa wa maumivu sugu waliowekewa waya kwenye eneo la kijivu ndani kabisa ya shina la ubongo. Umeme ukipita sehemu ya mbele ya eneo hilo, presha ilishuka. Ukipita sehemu ya nyuma, ilipanda. Mwaka 2011 madaktari wa Bristol wakaeleza habari za mgonjwa ambaye presha yake ilikuwa imezishinda dawa. Alikuwa amewekewa waya kwa ajili ya maumivu. Maumivu yalirudi baada ya miezi michache, lakini presha ilibaki chini.