Fungu la kumi: ni nani alikuwa analikula?

Karibu kila mtu mwenye kusali hapa kwetu anajua Malaki 3:10 kwa kichwa. Hata ule mwenye hajafungua Biblia yake tangu Noeli anaijua, juu tunaisikiaka kila siku ya Mungu mbele kapu ya sadaka ipite. Sasa rudi nyuma mistari mitano tu, soma Malaki 3:5. Pale Mungu anahesabu watu atakaowahukumu. Kuna wachawi, kuna wazinzi, kuna wenye kuapa kwa uongo. Halafu kuna wenye kumpunja kibarua mshahara wake, wenye kuonea mjane na yatima, na wenye kumnyima mgeni haki yake. Ni nabii mmoja, ni sura moja. Huo mstari umeusikia mara ngapi?

Mimi nilisoma agronomia, kwa hiyo mambo ya mavuno inanivutaka. Na fungu la kumi, mwanzo wake, ni jambo la mavuno. Walawi 27:30-32 inataja nafaka ya shamba, matunda ya miti, ng'ombe na kondoo. Hesabu 18 inaeleza kwamba Walawi walilipokea kwa sababu wao hawakupewa shamba kama makabila mengine. Na wao pia walitoa moja ya kumi ya ile waliyopata. Lakini Kumbukumbu la Torati 14:22-27 inasema jambo ambalo wengi wanashangaaka wakilisoma: mwenye shamba mwenyewe alikula fungu la kumi pamoja na nyumba yake, mbele ya Mungu, kwa furaha. Kama safari ilikuwa ndefu, aliuza, akafunga pesa mkononi, na kule akanunua chakula na kinywaji chochote roho yake ilitamani. Alikatazwa tu kumsahau Mlawi wa mji wake.

Kisha mistari ya 28 na 29. Kila mwisho wa mwaka wa tatu, mavuno ile ya moja ya kumi haikuenda mbali. Iliwekwa ndani ya mji, na Mlawi, mgeni, yatima na mjane walikuja kula mpaka kushiba. Walimu wa Wayahudi wa baadaye waliipanga hivi: mwaka wa tatu na wa sita ni fungu la maskini, na mwaka wa saba shamba linapumzika, hakuna kupanda, basi hakuna fungu. (Sisi wa kilimo tunaitaka sana hiyo ya kupumzisha udongo, lakini ni habari ya siku ingine.)

Angalia mtu mmoja ambaye Torati haimuombi fungu: kibarua asiye na shamba. Yeye, Kumbukumbu 24:15 inaamuru alipwe mbele jua lizame, kwa maana ni maskini na roho yake iko kwenye ule mshahara. Leo kijana amemaliza lisansi, anabeba matofali kwenye shantie, analipwa kisha miezi miwili, na mtu wa kwanza kumuuliza dola zake ni kanisa. Ule tajiri aliyechelewesha malipo anakaa kiti cha mbele, na hakuna anayemuuliza kitu.

Tulifikaje hapa? Si kwa Biblia peke yake. Karne za kwanza Wakristo waliishi kwa matoleo ya hiari. Mwisho wa karne ya 5, Papa Gelasius aliagiza mapato ya kanisa yagawanywe mafungu manne: la askofu, la mapadri, la maskini, na la majengo. Maskini alikuwa na robo yake, imeandikwa. Mwaka 585, mtaguso wa Mâcon, katika nchi inayoitwa leo Ufaransa, ulifanya fungu la kumi kuwa lazima, na mwenye kukataa atengwe na kanisa. Mwaka 779 Charlemagne akaliingiza katika sheria ya serikali. Taratibu fungu likahama kijiji: wakulima walitoa nafaka, ikaenda kwa abate na askofu wa mbali, padri wa parokia akabaki na kidogo, na robo ya maskini ikapotea sehemu nyingi. Walipolifuta mwaka 1789, wakulima walikuwa wamechoka nalo zamani.

Desturi inafanyaka hivyo. Inashika kiasi, inaacha sababu. Moja ya kumi ilibaki. Mjane na mgeni wakaanguka njiani.

Sisemi watu waache kutoa. Katika Mathayo 23:23 Yesu anaongea na watu waliotoa fungu mpaka la mnanaa na bizari, vijani vya bustani ambavyo hata havijazi kiganja. Hakuwaambia wakome. Aliwaambia wameacha yaliyo mazito: haki, rehema na uaminifu.

Kwetu Mashariki, mgeni hana haja ya kutafutwa. Wakimbizi wa ndani wamelala ndani ya makanisa na masomo. Na Kivu tunajua miezi ya njaa: Oktoba na Novemba, maharagi ya msimu A ingali shambani, ya msimu B imekwisha nyumbani. Parokia yenye familia mia moja za walimaji, kila moja ikileta kilo 10 tu za mahindi kisha mavuno, inakuwa na tani nzima. Mahindi ikaushwe vizuri mpaka maji ibaki karibu asilimia 13, iwekwe juu ya mbao, isiguse ukuta, wadudu waangaliwe kila wiki mbili. Hiyo haiombi mfadhili wa nje.

Wengi watauliza: nani atashika ufunguo? Ni swali nzuri, na Nehemia alilikuta. Katika Nehemia 13:10-13 Walawi walikuwa wamekimbilia mashambani kwao kwa sababu hawapewi chakula. Yeye hakuongeza mahubiri. Aliweka watu wanne kwenye ghala, kuhani Shelemia, mwandishi Sadoki, Mlawi Pedaya na Hanani wa kuwasaidia, watu waliojulikana kuwa waaminifu, na kazi yao ilikuwa kugawia ndugu zao. Mmoja wao, ona vizuri, alikuwa mtu wa kuandika.