Safu ya Nishani: Istilahi za Kusomea Nishani za Kale za Kijerumani

Mwalimu mmoja wa Shelui, mkoani Singida, alituandikia barua kutaka ushauri juu ya neno moja. Katika nyumba ya jirani zake kimehifadhiwa kipande chembamba cha chuma, urefu wake kama kidole, kimevishwa kitambaa cha mistari iliyofifia. Chini yake inaning'inia medali moja. Mahali pa medali ya pili ni patupu. Wenye nyumba husema kuwa kitu hicho kiliachwa na babu yao, aliyekuwa askari wa Wajerumani. Siku moja alifika mnunuzi wa vitu vya kale, akataja bei, akaacha karatasi ya mauzo ili itiwe sahihi. Katika karatasi hiyo kitu chenyewe kimeandikwa "pambo la zamani la chuma, moja". Wenye nyumba walimwuliza mwalimu kama maneno hayo ni sawa, naye akatuuliza sisi: kwa Kiswahili, kitu hiki kinaitwaje?

Swali hili ni dogo kwa sura tu. Pambo ni kitu cha kupendezesha, wala halidaiwi maelezo. Kitu kikisha kuandikwa "pambo" na karatasi ikatiwa sahihi, hakuna atakayeuliza tena kilivaliwa na nani, kwa vita gani, na kwa haki gani. Ndiyo sababu tumeona yafaa kulijibu katika kurasa hizi, kwa faida ya wafasiri, walimu na watumishi wa serikali ambao huenda wakaletewa vitu vya namna hii ili waviandikie maelezo.

Swali hilo kutoka Shelui si jambo la kushangaza. Mji huo uko katika Wilaya ya Iramba, karibu na Sekenke, ambako Wajerumani walianza kuchimba dhahabu mwaka 1909. Dhahabu ya Sekenke ndiyo iliyopelekwa Tabora mwaka 1916, wakati koloni limezingirwa na vita, zikatengenezwa sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Lugha yetu nayo imehifadhi alama za zama zile. Neno hela limetokana na heller, sarafu iliyokuwa sehemu moja ya mia ya rupia. Na neno shule tumelipata kwa Wajerumani vilevile. Fedha yao na madarasa yao tumevipatia majina, lakini vile walivyowavika askari vifuani bado tunaviita kwa kubahatisha.

Nishani na medali

Maneno haya mawili hutumiwa kana kwamba ni kitu kimoja. Nishani ni neno la Kiajemi lenye maana ya alama, nalo limekaa katika Kiswahili kwa muda mrefu. Katika matumizi ya serikali ndilo neno la heshima yenyewe anayotunukiwa mtu, kama tusemavyo Nishani ya Mwenge wa Uhuru. Medali ni kipande cha madini, aghalabu cha mviringo, chenye picha au maandishi. Kwa hiyo medali ni umbo, na nishani ni heshima. Nishani yaweza kuwa na umbo la medali, la msalaba au la nyota. Na medali yaweza kutolewa kwa mshindi wa mbio pasipo kuwa nishani ya taifa.

Tofauti hii ni ya lazima kwa nishani za Kijerumani, kwa kuwa ile mashuhuri kupita zote si medali. Msalaba wa Chuma ulianzishwa na mfalme wa Prussia tarehe 10 Machi 1813, ukahuishwa mwaka 1870, tena mwaka 1914, na tena mwaka 1939. Mfasiri akiandika "medali ya chuma" humpeleka msomaji kwenye kitu kingine kabisa.

Safu, utepe na kibao

Mjerumani aliyekuwa na nishani kadhaa alimpelekea fundi, naye akazipanga juu ya kipande cha chuma chenye pini nyuma, akavisha tepe, na kuzishona ziwe kitu kimoja cha kuvaliwa upande wa kushoto wa kifua. Kitu hicho tunapendekeza kiitwe safu ya nishani. Tumelipa neno safu nafasi ya kwanza kwa sababu ndani yake mna maana ya mpango. Nishani hazikushonwa ovyo: ile yenye cheo cha juu ilikaa upande wa kulia wa mvaaji, na nyingine zikafuata kwa daraja zake. Prussia, Bavaria, Saxony na Württemberg kila moja ilikuwa na nishani zake, na mpangilio huweza kumwonyesha mchunguzi mvaaji alikuwa raia wa dola gani. Anayechomoa medali moja na kuiuza peke yake huondoa neno katikati ya sentensi.

Kitambaa ni utepe, na wingi wake ni tepe. Hapa pana hatari, maana jeshini tepe ni alama za cheo mkononi. Askari mwenye tepe tatu ni sajini. Kwa hiyo yafaa kuandika kwa ukamilifu, tepe za nishani. Utepe nao husomwa. Msalaba wa Chuma wa 1914 ulitolewa na utepe mweusi wenye mistari myeupe kwa waliopigana, na utepe mweupe wenye mistari myeusi kwa waliotumika pasipo kupigana. Hata msalaba wenyewe ukipotea, utepe huendelea kutoa ushahidi wake.

Baadhi ya tepe zina kipande kidogo cha madini chenye jina la vita na mwaka. Tunapendekeza kiitwe kibao, kama tusemavyo kibao cha namba cha gari. Medali ya Kumbukumbu ya Makoloni, iliyoanzishwa na Kaisari Wilhelm wa Pili mwaka 1912, ilikuwa na vibao vya namna hiyo. Kimojawapo kimeandikwa DEUTSCH-OSTAFRIKA 1905/07. Mfasiri atakayeandika "Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, 1905 hadi 1907" atakuwa amefasiri maneno, lakini kibao chenyewe hajakisoma. Vita vilivyokusudiwa ni Vita vya Maji Maji, ambavyo makadirio ya baadhi ya wanahistoria ya watu waliokufa, wengi wao kwa njaa, hufika 300,000. Katika maelezo yake mfasiri hana budi kuvitaja vita kwa jina linalojulikana na watu waliopigwa. Asiyafasiri maandishi kwa maneno ya kusifu, wala asiyabadili ili kulaumu. Aandike kilichoandikwa, kisha aeleze kina maana gani kwetu.

Kadhalika, panga mbili zilizopishana juu ya nishani si pambo. Msalaba wa Heshima wa Vita Kuu, ulioanzishwa Julai 1934 kwa ajili ya waliotumika katika vita vya 1914 hadi 1918, ulikuwa wa aina tatu: wenye panga kwa waliopigana, usio na panga kwa washiriki wengine, na mweusi kwa wajane na wazazi wa waliokufa. Msalaba huo humsaidia mchunguzi kukisia umri wa safu nzima. Safu iliyo nao haikuweza kushonwa kabla ya Julai 1934, hata kama nishani nyingine zilizomo ni za miaka mingi nyuma.

Kuvaa, kumiliki na kutunukiwa

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lote. Kuwa na nishani si kutunukiwa nishani. Nishani yaweza kununuliwa, kurithiwa, kuokotwa au kuigizwa. Anayeandika "alitunukiwa" anatoa ushahidi, na ushahidi hutaka hati.

Tunao mfano wa Mswahili mwenzetu. Bayume Mohamed Hussein alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, na katika Vita Kuu ya Kwanza alitumika upande wa Wajerumani angali mtoto. Mwaka 1929 alifika Berlin, akadai mishahara yake na ya baba yake iliyokuwa haijalipwa, akakataliwa. Katika mji huohuo alifundisha Kiswahili chuo kikuu. Mwaka 1934 aliomba Msalaba wa Heshima, akanyimwa. Hata hivyo aliununua dukani akauvaa. Mwaka 1941 alikamatwa, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen, na huko akafa Novemba 1944. Tukiandika kuwa "alitunukiwa" msalaba ule, tutakuwa tumeifutia serikali ile dhuluma yake. Tukiandika kuwa aliuvaa "kwa uongo", tutakuwa tumekana utumishi wake. Iliyo sahihi ni kusema: aliomba, alinyimwa, alivaa. Vitenzi vitatu vyepesi vya Kiswahili vinatosha, mradi kila kimoja kikae mahali pake.

Upo pia mfano wa waliokosa hati. Mwaka 1964 bunge la Ujerumani ya Magharibi liliidhinisha malipo kwa askari wa zamani waliokuwa wangali hai. Inasimuliwa kwamba wazee wapatao 350 walikusanyika Mwanza, na wachache tu walikuwa na vyeti vyao vya 1918. Mlipaji, husemwa, alimpa kila mmoja ufagio na kumwamuru kwa Kijerumani afanye gwaride la bunduki. Wala hakuna aliyeshindwa. Kukosa karatasi, basi, si dalili ya uongo. Mwandishi aseme tu kwamba hati haikuonekana.

Tena tusisahau kwamba safu ya nishani huwataja wachache. Wapagazi waliobeba mizigo ya majeshi yote katika vita vile walikufa kwa maelfu mengi, na majina ya wengi wao hayakuandikwa popote. Kumbukumbu yao iliyo wazi kwetu imo katika neno Kariakoo, lililotokana na jina la kikosi cha wapagazi cha Waingereza.

Jibu letu kwa Shelui

Kwa hayo, tunapendekeza kwamba kitu hicho kisiitwe "pambo". Maelezo yake, kabla ya mauzo au hata kama hakuna mauzo, yaandikwe hivi: "Safu ya nishani ya nafasi mbili, yenye pini nyuma, tepe mbili za nishani zilizofifia, medali moja, na nafasi moja tupu. Familia inaeleza kuwa ilikuwa ya babu yao, aliyekuwa askari wa Wajerumani. Hati ya nishani haikuonekana." Kisha yaongezwe maandishi yaliyo usoni na mgongoni mwa medali, herufi kwa herufi, rangi za tepe kwa utaratibu wake, na alama ya mtengenezaji kama ipo. Kitu chenyewe kisisuguliwe wala kisifumuliwe. Jina la babu liandikwe kamili, pamoja na jina la aliyesimulia na tarehe ya masimulizi.

Kuuza au kutouza ni hiari ya wenye mali, wala si kazi yetu kuwaamulia. Kazi yetu ni kuona kwamba wakitia sahihi, wanaitia chini ya maneno ya kweli. Wasomaji walio na istilahi bora kuliko safu na kibao, hasa wale waliotumikia jeshi, tunawakaribisha watuletee maoni yao.