Simu Safarini: Macho Yetu Yatazame Wapi?

Atokaye Kilindoni kwenda Nyamisati kwa boti hukaa baharini saa kadhaa. Zamani watu walipiga soga, walisinzia, au walitazama maji tu. Siku hizi wengi huinamia simu ya mkononi tangu chombo king'oe nanga. Tukiwauliza, hujibu: "Safari inachosha, muuguzi."

Kuchoshwa na kukaa bure si ugonjwa, ila binadamu hapendi hali hiyo. Mwaka 2014 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, waliwaacha watu mmoja mmoja chumbani kwa dakika 15, wakiwa na kitufe tu cha kujipiga shoti ya umeme. Wanaume 12 kati ya 18, na wanawake 6 kati ya 24, walikibonyeza! Basi tusishangae mkono kukimbilia simu.

Simu ina faida zake, lakini tuzingatie mambo matatu.

Kwanza, bahari ikichafuka, weka simu mfukoni. Sikio la ndani huhisi chombo kikiyumba, huku macho yakiona maandishi yaliyotulia. Ubongo hupata habari zinazopingana, na kichefuchefu huanza. Tazama mbali, pale bahari inapokutana na mbingu.

Pili, anayekodolea simu hupepesa macho mara chache, nayo hukauka. Kila baada ya dakika 20 inua kichwa, utazame mbali kwa sekunde 20. Shingo nayo itapumzika.

Tatu, na hili ndilo kubwa, ni mtoto mgonjwa. Mama atokaye Jibondo na mtoto mwenye homa, akienda hospitali ya wilaya Kilindoni, hupanda chombo, kisha gari au bodaboda. Njiani hali inaweza kubadilika. Dalili za hatari ni degedege, kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, na kulegea au kulala bila kuamshika. Dalili hizi hazipigi kengele kama simu. Huonwa na anayemtazama mtoto usoni. Ukiiona hata moja, mkifika nenda moja kwa moja kwa muuguzi, usingoje foleni.

Mtoto mzima naye tusimsahau. Mwonyesheni mikoko, ngalawa na ndege wa pwani, mkivitaja kwa majina. Mtoto hujifunza kusema kwa kusemeshwa, na safari ndefu ni nafasi nzuri kwa akina baba na akina mama.